Magofu ya Machu Picchu: Nani Anaisimulia Historia, na kwa Lugha Gani?

Utangulizi

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga wetu. Sisi tungependa kuongeza kwamba kutembea kwingi ni kuulizwa mengi pia. Wapenzi wasomaji wa jarida hili mtakumbuka kwamba wawili kati yetu katika idara tulipata fursa ya kusafiri hadi Peru, Amerika ya Kusini, kuhudhuria warsha ya walimu wa lugha katika mji wa Cusco. Warsha yenyewe tumekwisha kuitolea ripoti mahali pake. Makala haya yanahusu siku moja tu, siku ya mapumziko, ambayo tuliitumia kwenda kuyaona magofu ya Machu Picchu tukiongozwa na mwenyeji wa huko.

Tunaiandika safari hii kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wengi wameiona picha ya mlima ule katika kalenda na vitabu vya jiografia, lakini ni wachache wanaoijua historia ya watu walioujenga mji uliopo pale juu. Pili, tulikwenda kutazama mawe, tukarudi na maswali ya lugha ambayo hadi leo hatujayamaliza. Tumeona si vyema kuyaweka moyoni peke yetu.

Safari ya alfajiri

Basi dogo lilitufuata saa kumi za usiku. Cusco uko takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea Kampala hupata maumivu ya kichwa na kuhema akipanda ngazi za ghorofa moja tu. Wenyeji walikuwa wametupa chai ya majani ya koka, dawa ya miaka mingi dhidi ya maradhi ya milimani. Tuliinywa kwa mashaka kidogo, kisha tukaomba kikombe cha pili.

Tulifika Ollantaytambo kulipokuwa kunapambazuka. Mji huu una barabara na mifereji iliyojengwa na Wainka, na watu bado wanakaa humo, maji bado yanapita humo. Juu yake kuna matuta makubwa yaliyopandana kama ngazi, na mwenzetu anayetoka Kigezi alisimama akaguna: "Mbona tumefika Kabale?" Kwa hakika hakukosea sana. Milima, ukungu, matuta na viazi vilikuwepo. Viazi vyenyewe asili yake ni milima hiyo ya Andes. Wahispania walivipeleka Ulaya katika karne ya 16, na Wazungu ndio waliovileta kwetu baadaye. Leo mkulima wa Kabale anaviita "airishi", utadhani vilizaliwa Ayalandi. Jina la kitu halituambii kila mara kilikotoka. Mara nyingi hutuambia tu nani alitukabidhi.

Katika matuta hayo ya Ollantaytambo, mwaka 1537, Manco Inka aliwashinda Wahispania waliokuwa wakiongozwa na Hernando Pizarro, akayafungulia maji ya mto yakafurika uwandani hata farasi wakashindwa kukimbia. Ushindi huo haukudumu, lakini ulitokea, na mwongozaji wetu alitaka tuujue kabla hatujapanda treni.

Mwongozaji huyo alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kijiji cha bonde lile. Sisi, kwa desturi yetu, tulimwita Mama. Akacheka sana, kwa sababu katika Kikechua, lugha yake ya kwanza, mama ni mama vilevile, na baba ni tayta, jambo lililomfurahisha mwenzetu ambaye kwao baba ni taata. Wanafunzi wa isimu wasiharakishe kudai undugu wa lugha kwa mifano ya aina hii. Maneno ya kumwita mzazi hufanana duniani kote kwa sababu watoto wachanga wote wana midomo. Hata hivyo, kufanana huko kulitosha kuanzisha mazungumzo.

Viambishi viwili ndani ya treni

Treni inateremka ikiufuata mto Urubamba kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, hatukuangalia dirishani kama wengine. Tulimwomba Mama atufundishe sarufi.

Alianza na neno wasi, yaani nyumba. Wasiy ni nyumba yangu, wasiykuna ni nyumba zangu, wasiykunapi ni katika nyumba zangu. Mwanafunzi wa Kiswahili ataona mara moja kwamba Kikechua nacho ni lugha ambishi, ila mzigo wake huuweka nyuma ya mzizi ilhali sisi tunapenda kuuweka mbele. Jina lake la asili ni runasimi. Runa ni mtu au watu, na simi ni mdomo, kwa hiyo runasimi ni mdomo wa watu. Kwetu pia mzee akisema "ulimi wao" huwa na maana ya lugha yao.

Kisha akatuonyesha viambishi viwili vilivyoitawala siku yetu yote. Kwa Kikechua cha Cusco, mtu akisema paramushanmi, maana yake ni kwamba mvua inanyesha na msemaji ana hakika, ameiona mwenyewe. Akisema paramushansi, mvua inanyesha, lakini msemaji ameambiwa tu. Mi ni ya shahidi, si ni ya msikiaji. Sisi katika Kiswahili tunayo "inasemekana", "ati" na "eti", lakini kwetu haya ni viungo ambavyo msemaji huvitia akipenda. Kwao, mtu hutarajiwa aonyeshe mlango ambao habari imeingilia.

"Basi leo, Mama," tukamwambia, "kila utakalotueleza utuambie ni la mi au la si." Alikubali, lakini akatuonya kwamba tutachoka, kwani kwa mtu aliyezaliwa juzi historia yote ya Wainka ni si.

Wainka na milki yao

Kwa wasiofahamu, tueleze kwa ufupi. Wainka walianza kama watu wa bonde la Cusco. Kwa mujibu wa mapokeo, mtawala wao Pachakuti alishika hatamu mwaka 1438, na kutoka hapo, katika muda usiotimia miaka 100, milki yao ilienea kuanzia kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile. Wenyewe waliiita Tawantinsuyu, yaani pande nne zilizoungana. Hawakuwa na chuma, hawakuwa na farasi, wala hawakutumia gurudumu kwa usafiri. Walikuwa na wanyama aina ya lama wa kubeba mizigo, wakimbiaji wa kupokezana habari, na mtandao wa barabara unaokadiriwa kufikia kilomita 30,000.

Maandishi kama haya tunayoyaandika hawakuwa nayo. Walikuwa na khipu, nyuzi zilizofungwa mafundo kwa mpango maalumu. Hesabu za khipu zimekwisha kusomwa, nazo hufuata mfumo wa makumi kama wetu, lakini khipu ambazo huenda zilibeba habari na masimulizi bado hazijafumbuliwa. Katika mwaka 1583 mtaguso wa kanisa uliofanyika Lima uliagiza khipu zinazohusishwa na ibada za kale ziangamizwe. Hivyo mengi yaliyokuwa ya mi kwa wazee wa wakati ule yamekuwa kimya kwetu.

Milki hiyo ilipigwa dafrao tarehe 16 Novemba 1532 pale Cajamarca, Francisco Pizarro alipomkamata mfalme Atahualpa kwa hila. Wanafunzi wa tafsiri na ukalimani wazingatie kwamba kabla ya bunduki kulia kulikuwa na mkalimani. Padre Valverde alimhutubia Atahualpa kuhusu dini na mfalme wa Hispania kupitia kwa kijana wa pwani aliyejifunza Kihispania kwa kusikiasikia. Mwandishi Garcilaso de la Vega, ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Inka, alidai baadaye kwamba mkalimani huyo, Felipillo, alipofika kwenye Mungu mmoja katika nafsi tatu alijumlisha, akasema tatu na moja ni nne. Garcilaso hakuwepo, alizaliwa mwaka 1539, kwa hiyo habari yake ni ya si. Lakini mwalimu yeyote wa ukalimani anajua kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea. Mwaka 1533 Atahualpa aliuawa.

Mji juu ya mlima

Kutoka kituo cha treni, basi lilipanda kwa mizunguko mingi kama ile ya barabara za Kisoro, na tulipopita lango tukaona kile ambacho kalenda zimekuwa zikituonyesha. Machu Picchu iko mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, kati ya vilele viwili, na mto unaizunguka chini kabisa kama uzi. Picha hazionyeshi hewa, wala hazionyeshi sauti ya maji. Tulisimama kimya kwa muda. Baadaye mwenzetu alikiri kwamba alisahau kabisa kupiga picha.

Jambo lililotushangaza zaidi lilikuwa kazi isiyoonekana. Sehemu ile hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mlima wenye mteremko mkali hivyo ungekuwa umekwisha kuporomoka. Mafundi wa kale walitandaza mawe makubwa chini, kisha kokoto, kisha mchanga, kisha udongo wa kulimia, ili maji yapenye taratibu. Wahandisi waliochunguza wanakadiria kwamba takriban asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya ardhi. Juu yake kuna mfereji wenye urefu wa mita 749 unaoleta maji ya chemchemi hadi kwenye visima 16 vilivyopangwa kwa kuteremka. Cha kwanza kiko karibu na nyumba inayodhaniwa kuwa ya mtawala, na watu wengine walichota chini yake. Hata maji yalijua vyeo.

Kuta bora ni za mawe ya matale yaliyochongwa yakakaliana bila kutiwa udongo wala chokaa. Kuta huinama kidogo kwa ndani, na milango ni mipana chini na myembamba juu, umbo linalostahimili matetemeko. Mama aliweka kiganja chake ukutani akasema neno moja lililoishia na mi.

Katika Hekalu la Jua kuna dirisha ambalo mwanga wa macheo ya mwezi Juni huingia sawasawa, wakati wa siku fupi kuliko zote kwa nchi za kusini. Mbele zaidi kuna jiwe lililochongwa liitwalo Intihuatana, yaani mahali pa kulifungia jua. Jina hilo walilipewa wageni wasomaji wa karne ya 19 na 20 zaidi ya wajenzi wenyewe. Watalii hunyoosha mikono kuelekea jiwe hilo wakiamini kwamba linatoa nguvu. Tulimtazama Mama. "Si," alijibu, akacheka. Alitueleza pia kwamba mwaka 2000, wakati wa kupiga picha za tangazo la bia, winchi iliangukia jiwe hilo ikalimega ncha. "Hiyo ni mi," akasema, "mtu akitaka, alama yake aione."

Tulipomwuliza mji huu ulikuwa wa nini, jibu lake lilitupendeza kama walimu wa utafiti. Alisema mwanzoni watu waliambiwa kwamba palikuwa makao ya wanawali wa Jua, kwa sababu mtaalamu mmoja aliyechunguza mifupa iliyofukuliwa, katika ripoti ya mwaka 1916, alidai kwamba mingi ilikuwa ya wanawake. Uchunguzi wa baadaye uligundua kwamba wanawake na wanaume walikaribiana kwa idadi. Hati za kikoloni za karne ya 16 zinazitaja ardhi za eneo lile kuwa zilikuwa za Pachakuti, na wataalamu wengi sasa wanaona kwamba Machu Picchu ilikuwa makao yake ya mapumziko na ibada. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima umri wa mifupa na kuonyesha kwamba watu waliishi pale kati ya takriban mwaka 1420 na 1530, mapema kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba watumishi wa mji huo walitoka pembe nyingi za milki, milimani, pwani na hata misitu ya Amazoni.

"Lakini Mama, hayo si yamepimwa? Je, ni mi?" tuliuliza. Akafikiri. "Kwangu bado ni si," akajibu, "maana sikupima mimi. Lakini ni si yenye mizani."

Nani "aligundua" Machu Picchu?

Vitabu vingi husema kwamba Machu Picchu iligunduliwa tarehe 24 Julai 1911 na Hiram Bingham, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Tuone jinsi ugunduzi huo ulivyokwenda. Bingham alielekezwa na mkulima wa bonde aliyeitwa Melchor Arteaga, aliyemlipa sarafu moja ya fedha ya sol. Askari aliyefuatana nao, Sajini Carrasco, ndiye aliyekalimani kati ya Kikechua na Kihispania. Huko juu walizikuta familia za Richarte na Álvarez zikilima kwenye matuta ya kale, nazo zikawapa maji na viazi vitamu. Mtoto mmoja wa pale aliambiwa amwonyeshe mgeni magofu. Ukutani Bingham alikuta jina la Lizárraga na mwaka 1902, limeandikwa kwa mkaa na mtu aliyefika miaka tisa kabla yake.

Hatusemi kwamba Bingham hakufanya lolote. Alipima, akapiga picha, akaandika, na ulimwengu ukajua. Tunachosema ni kwamba mtu aliyeongozwa na mkulima, akasemewa na mkalimani, akalishwa na wenyeji na kushikwa mkono na mtoto, hawezi kuitwa mgunduzi bila kwanza kufutwa kwa watu wanne. Vifaa alivyovifukua vilipelekwa Yale, na ilichukua karibu miaka 100 ya madai hadi makubaliano ya mwaka 2010 yalipoviwezesha kurudi, na sasa viko katika jumba la makumbusho mjini Cusco. Hata jina Machu Picchu, mlima mkongwe, lina mashaka, maana utafiti wa mwaka 2021 ulitoa hoja kwamba wajenzi yaelekea waliuita mji wao Huayna Picchu, au Picchu tu.

Msomaji wa Uganda atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba mwaka 1862 Speke aligundua chanzo cha mto Naili pale Jinja, mto ambao wenyeji waliuita Kiyira, wakiuvua na kuuvuka vizazi na vizazi. Speke naye alikuwa na mkalimani, Sidi Mubarak Bombay. Katika mitihani ya historia jina la Speke lina alama, la Bombay halina. Sisi tunaofundisha ukalimani tuna sababu ya ziada ya kulitafuta jina la mtu aliyesimama katikati.

Mdomo wa watu

Tulikaa kitako juu ya ukingo wa tuta, nje ya njia ya watalii, na hapo Mama akatuhadithia habari za lugha yake. Tutazieleza pamoja na tuliyoyajua kutoka vitabuni.

Kinyume na wanavyodhani wengi, Kikechua hakikuzaliwa Cusco. Wanaisimu wameonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba kilikuwa kimekwisha kuenea kabla ya Wainka kukitumia kuunganisha milki yenye lugha nyingi. Watumishi wale wa Machu Picchu, waliotoka pande zote, lazima walihitaji lugha ya kuelewana. Wahispania walipokuja, nao walikieneza zaidi kwa mahubiri. Sarufi ya kwanza, ya mtawa Domingo de Santo Tomás, ilichapishwa mwaka 1560. Mwaka 1579 Kikechua kilipewa kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha San Marcos, Lima. Kitabu cha kwanza kuchapishwa Amerika ya Kusini, mwaka 1584, kilikuwa katekisimu ya Kihispania, Kikechua na Kiaimara. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1850, yaani miaka 290 baada ya ile ya Kikechua. Tunasema hivi kwa wale wanaodhani kwamba lugha ikiwahi kuandikwa na kufundishwa chuoni basi imeokoka.

Haikuokoka. Mwaka 1780 José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru II, aliongoza maasi makubwa, naye akauawa kikatili katika uwanja mkuu wa Cusco tarehe 18 Mei 1781. Serikali ya kikoloni ikaamua kwamba kumbukumbu ya Wainka ndiyo iliyokuwa baruti. Ikapiga marufuku mavazi yao na michezo ya kuigiza iliyowakumbusha watu wafalme wao, ikataka kila mtu aseme Kihispania, na mwaka 1784 kiti cha Kikechua pale San Marcos kikafutwa. Kwa hiyo idara ya lugha iliyodumu miaka 205 ilifungwa kwa sababu lugha yake ilikuwa na watu wenye madai.

Mwaka 1975 serikali ya Jenerali Velasco ilikitangaza Kikechua kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, tangazo ni jambo moja na soko, shule na mahakama ni mambo mengine. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu karibu watu milioni 3.7 nchini Peru waliojifunza Kikechua utotoni, lakini waziri mkuu alipokitumia bungeni mwezi Agosti 2021 baadhi ya wabunge walimpinga kwa kelele, wakidai kwamba hawamwelewi. Walimu na wataalamu nao wanavutana kama lugha iandikwe kwa irabu tatu au tano. Ubishi huo ulitukumbusha mvutano wa Kimvita na Kiunguja wakati wa kusanifishwa kwa Kiswahili.

Mama alisema kwamba alipokuwa shule ya msingi, mtoto aliyesikika akisema Kikechua alichekwa na kupigwa. Alipozaa, alimlea mwanawe kwa Kihispania tupu ili asiteswe. Sasa kijana ana miaka ishirini na kitu, anataka kuwa mwongozaji kama mama yake, na anamlaumu kwa kumnyima lugha. "Mimi nilidhani namwepusha na kofi," akasema. Tuliokaa naye tulilijua kofi lile. Wengi wetu tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama katika uwanja wa shule.

Kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitegemea. "Na ninyi, watoto wenu wanaisema lugha mnayoifundisha?"

Tulitazamana. Ukweli ni kwamba sisi wawili, ambao tumekula mkate wa Kiswahili kwa miaka karibu ishirini, tukipiga simu nyumbani watoto hutujibu kwa Kiingereza. Tungeweza kumweleza kwamba Uganda ina historia ngumu, kwamba kwa wengi Kiswahili kilibaki lugha ya askari na ya kuogopesha. Kwamba Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kwamba mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Hayo yote ni kweli. Lakini hakutuuliza habari za Baraza la Mawaziri. Alituuliza habari za nyumbani kwetu, na jibu letu lilikuwa la mi.

Hitimisho

Tulipokuwa tukiteremka, Mama alitupa somo la mwisho. Katika Kikechua kuna "sisi" mbili. Ñuqanchik ni sisi sote, pamoja na wewe unayesikiliza. Ñuqayku ni sisi bila wewe. Kiswahili hakina tofauti hiyo, ndiyo maana mwanasiasa anaweza kusema "sisi wananchi" na kutuacha tukijiuliza kama tumo. Vitabu vinaposema "tuliigundua Machu Picchu" au "tuliigundua Naili", swali la kwanza la mwanafunzi wa lugha liwe: "sisi" ipi hiyo?

Kutokana na safari hii tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. La kwanza, katika kufundisha insha na utafiti, tuwazoeze wanafunzi kutenga waliyoyaona, waliyoambiwa, na waliyoambiwa na mwenye mizani. Kiswahili hakitulazimishi kufanya hivyo, kwa hiyo itabidi tujilazimishe wenyewe. La pili, katika somo la ukalimani, tufundishe historia ya wakalimani, tukianza na Bombay na wenziwe wa misafara ya karne ya 19. La tatu, na ndilo gumu zaidi, tusiridhike na tangazo la serikali wala na kuwepo kwa idara yetu. Kiti cha San Marcos kilidumu miaka 205, kikafutwa. Wala si kiti hicho kilichoiokoa lugha baada ya hapo. Iliokolewa na akina mama wasiojua kwamba kiti hicho kiliwahi kuwepo, walioendelea kuwaimbia watoto usiku.

Tulifika Cusco saa nne za usiku, miguu imevimba. Kabla ya kulala mmoja wetu alipiga simu nyumbani. Mtoto alipopokea na kuanza kwa Kiingereza kama kawaida, baba yake alimwambia kwa Kiswahili kwamba leo ameuona mji uliojengwa juu ya mawingu, na kwamba atamweleza habari zake kwa Kiswahili tu, hata kama itachukua mwezi mzima. Kukawa kimya kidogo. Kisha sauti ndogo ikauliza, "Mawingu gani, Baba?"